Selimundu: Kabla Tiba ya mRNA Haijabisha Hodi

Mara nyingi huanza na vidole. Mtoto wa miezi sita au saba, mcheshi, anayenyonya vizuri, anaamka asubuhi viganja vimeumuka kama maandazi, na akiguswa tu analia. Bibi anadhani ameumwa na mdudu. Mama anajilaumu kwamba alimlalia mkono usiku. Baada ya siku chache uvimbe unashuka na watu wanasahau, mpaka unaporudi tena, safari hii kwenye nyayo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hivyo ndivyo selimundu inavyoingia, au siko seli kama wengi wanavyoiita, kabla daktari yeyote hajaitaja kwa jina.

Lakini mbona miezi sita? Mtoto huyo alizaliwa na ugonjwa wake. Miezi yote ile ya mwanzo ulikuwa umejificha wapi?

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, New York, aitwaye Janet Watson, alilishughulikia swali hilo. Aliona kwamba damu ya watoto wachanga haijikunji kama ya wakubwa, akaeleza kuwa wachanga wanalindwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni. Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mtoto akiwa tumboni hutumia aina yake, himoglobini ya mimba. Akishazaliwa, mwili huizima pole pole na kuwasha ya ukubwani. Kosa la selimundu liko kwenye hiyo ya ukubwani: herufi moja tu ya jeni imekosewa. Himoglobini yenye kosa ikipungukiwa na oksijeni hushikamana, na chembe iliyopaswa kuwa ya duara na laini hupinda kama mundu, ikakwama kwenye mishipa myembamba. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana macho huwa ya manjano na damu haishi kupungua.

Mzazi akikishika kitu hicho kimoja, kwamba himoglobini ya mimba humkinga mtoto, ataelewa karibu habari zote kubwa za selimundu zinazofika kwenye simu yake.

Habari kubwa kuliko zote ilitoka mwishoni mwa 2023. Uingereza mwezi Novemba, kisha Marekani tarehe 8 Desemba, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Madaktari hutoa chembe mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wakazipeleka maabara, na huko mkasi wa vinasaba uitwao CRISPR hukata kile kinachoizima himoglobini ya mimba. Chembe zikirudishwa mwilini, himoglobini ile aliyoizungumzia Watson huwaka upya. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Kwa mama aliyezoea kukesha wodini, hiyo si habari ndogo.

Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania, kwa mgonjwa mmoja. Na kabla ya kurudishiwa chembe zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kemikali ya kuusafisha uloto wa ndani ya mifupa, ambayo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Hulazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Tiba ya namna hii haiwezi kuwafikia watoto wapatao 11,000 wanaokadiriwa kuzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Mwaka 2021 ilikadiriwa kwamba duniani walizaliwa watoto 515,000 wenye ugonjwa huu, zaidi ya robo tatu yao kusini mwa Sahara. Hapa ndipo panapouma: watoto wako huku, na tiba iko kule.

Ndipo inapoingia mRNA, RNA mjumbe, ambayo wengi waliisikia kwa mara ya kwanza wakati wa chanjo za korona. Mama anapomtuma mtoto dukani na kikaratasi kilichoandikwa "sukari nusu, majani ya chai, kibiriti", mwenye duka husoma, hutoa vitu, kisha hukitupa kikaratasi. Daftari la nyumbani halikutoka nyumbani. Ndivyo chembe ya mwili inavyofanya kazi. Jeni hukaa ndani ya kiini kama daftari lililofungiwa. mRNA ni kikaratasi kinachotoka na agizo la protini ya kutengeneza, na baada ya muda mfupi huvunjwa. Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, walionyesha mwaka 2005 jinsi ya kuibadili kidogo RNA hiyo ili mwili usiishambulie kama adui. Kilichobaki kilikuwa kukifunga kikaratasi kisilowe njiani, na kifungashio kilichopatikana ni tone la mafuta dogo mno lisiloonekana kwa macho.

Mzazi anahitaji kutofautisha kazi mbili ambazo mRNA inaweza kutumwa, maana watu huzichanganya na woga mwingi hutokea hapo. Ya kwanza ni kuazima: kikaratasi kinaagiza protini ambayo mwili wa mtoto unaikosa, protini inatengenezwa, inatumika, inaisha, na dozi hurudiwa. Daftari halikuguswa. Ya pili ni kurekebisha: kikaratasi kinaagiza mkasi au kihariri cha vinasaba, chombo hicho kinaingia kwenye kiini na kusahihisha herufi. Kikaratasi kinapotea, chombo kinapotea, lakini sahihisho linabaki maisha yote. Anayesema "mRNA haigusi vinasaba" anasema kweli kuhusu chanjo, ila si kuhusu tiba hii ya pili. Mzazi ana haki ya kuambiwa waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili inayozungumziwa.

Mfano wa kuazima uko kwenye mapafu. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, unaowapata zaidi watoto wenye asili ya Ulaya, ambao hufanya makamasi ya mapafuni yawe mazito kama gundi. Watafiti walijaribu kuwavutisha wagonjwa mvuke wenye mRNA ya protini wanayoikosa. Mwaka 2021 kampuni moja ilitangaza kwamba dawa yake ya aina hiyo haikuboresha upumuaji, na kampuni nyingine zimeendelea na majaribio. Ugumu wenyewe unaeleweka: makamasi yaleyale yanayomtesa mtoto ndiyo yanayoizuia dawa isipite.

Mfano wa kurekebisha ulitoka Philadelphia mwaka 2025. Kichanga aliyezaliwa na kasoro ya ini inayojaza damu amonia alitengenezewa dawa yake peke yake, mRNA yenye agizo la kihariri ndani ya tone la mafuta, kwa muda wa miezi sita tu. Alianza kudungwa mwezi Februari. Kufikia Mei, madaktari Rebecca Ahrens-Nicklas na Kiran Musunuru waliweza kueleza kwamba anastahimili protini nyingi zaidi katika chakula na anahitaji dawa kidogo zaidi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu matone hayo yakiingia kwenye mshipa hukimbilia ini yenyewe.

Uloto, kiwanda cha damu, hauko hivyo. Umo ndani ya mifupa, na matone hupitiliza. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walichapisha kazi ambamo waliyabandika matone hayo kingamwili inayozitambua chembe mama za damu, mfano wa kuandika anwani juu ya bahasha. Katika panya, mRNA ilifika ulotoni kwa sindano ya kawaida. Katika chembe za wagonjwa wa selimundu zilizowekwa maabara, herufi ilisahihishwa. Lengo ni sindano ambayo siku moja ingeweza kutolewa hata hospitali ya wilaya, bila kemikali ya kusafisha uloto wala wiki za kulazwa. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 100 kila upande kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazowezekana katika nchi zenye uwezo mdogo. Tumaini hili lina msingi. Lakini panya si mtoto wa Temeke.

Kwa hiyo, habari mpya inapotua kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, yafaa isomwe kwa jicho la mnunuzi wa samaki, anayefunua mashavu kabla hajauliza bei. Waliotibiwa ni panya au watu? Kama ni watu, wangapi, wa umri gani, na wamefuatiliwa miaka mingapi? Je, kuna kemikali ya kuua uloto, na uzazi wa mtoto utakuwaje? Hata idhini ya serikali si mwisho wa maswali. Dawa ya selimundu iitwayo Oxbryta iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, ikasifiwa sana, na Septemba 2024 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni duniani kote baada ya takwimu kuonyesha mashambulio na vifo vilivyotia wasiwasi.

Na kama kuna mtu anayedai tayari anatoa "tiba ya jeni" au "chembe mama" mjini kwa malipo ya awali, mzazi afunge pochi. Jaribio halali la dawa halimuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa. Lina kibali cha kamati ya maadili na cha mamlaka ya dawa ya nchi, limeandikishwa kwenye daftari la majaribio la wazi, na linamweleza mzazi kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Mtoto aliyekwisha kupata akili naye huulizwa.

Sasa lile ambalo wazazi wengi hawaambiwi kwa uzito unaostahili. Ufunguo wa mlango uleule wa Janet Watson upo, ni kidonge, na bei yake haikaribii kabisa ile ya mkasi wa CRISPR. Kinaitwa haidroksiurea. Hukifanya kwa kemia kile ambacho Casgevy hukifanya kwa kukata: huiamsha himoglobini ya mimba. Hakiponyi, na kikiachwa kinga huondoka, lakini kazi yake imepimwa hapahapa kwetu. Jaribio lililoitwa REACH lilifanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, likiwa na watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Kwa kila watoto 100 katika mwaka, mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45 hivi. Malaria ilishuka kutoka 47 hadi 23. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Kabla ya hapo kulikuwa na hofu kwamba dawa hii ingewaongezea malaria watoto wa Kiafrika. Ikawa kinyume.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu anayehudhuria kliniki bila kuwa kwenye haidroksiurea ana sababu ya kuuliza, kwa adabu na bila woga: "Daktari, mwanangu anafaa kuanza? Kama hafai, kwa nini?" Akianzishiwa, kuna mambo ya jikoni ya kuzingatia. Dozi hufuata uzito, basi mtoto akikua bila kupimwa upya, dawa inakuwa ndogo kimya kimya. Dawa inaweza kushusha chembe nyeupe, kwa hiyo kipimo cha damu nzima hakirukwi, hasa miezi ya mwanzo. Vidonge vingi huja vya miligramu 500, vikubwa kwa mtoto wa miaka mitatu. Namna ya kuvigawa au kuviyeyusha ielekezwe na mfamasia, isibuniwe nyumbani. Mama au dada mwenye mimba asishike unga wake kwa mkono mtupu. Na faida haionekani kwa wiki moja. Huchukua miezi, na wengi huiacha katikati wakidhani haifanyi kazi.

Kando ya kidonge hicho kuna penisilini. Mwaka 1986 jaribio la Marekani lililoongozwa na Marilyn Gaston lilionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi makali ya bakteria kwa asilimia 84, kiasi kwamba walilisimamisha mapema ili watoto wote wapewe. Huendelea kutolewa mpaka miaka mitano angalau. Chanjo ya nimonia ikamilishwe, na chandarua na dawa ya kukinga malaria vifuate utaratibu wa nchi. Kuna wanaodhani selimundu ni kinga ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kuwa wanaokingwa ni wenye vinasaba vya upande mmoja tu. Mtoto mwenye ugonjwa kamili, malaria humuua upesi.

Mikono ya mzazi nayo ni kipimo. Bandama, ambayo wengine huiita wengu, iko kushoto chini ya mbavu. Mtoto akiwa amelala chali, ametulia, magoti yamekunjwa kidogo, mzazi huweka vidole bapa kuanzia usawa wa kitovu na kupanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto wakati mtoto anavuta pumzi. Kitu kigumu chenye ukingo kikigonga vidole, ndiyo yenyewe. Muuguzi aombwe aonyeshe mara moja, kisha mzazi ajue ukubwa wa kila siku wa mtoto wake. Bandama inaweza kunasa damu nyingi kwa saa chache, mtoto akapauka na kulegea, akafa kabla ya mapambazuko. Huko Jamaica wazazi walipofundishwa kuipapasa, vifo vya namna hiyo vilipungua sana, na vifaa vilivyohitajika vilikuwa vidole.

Mapafu ndiyo yanayotisha zaidi. Mtoto wa selimundu mwenye homa, kikohozi na kifua kinachouma anaweza kuwa na hali ambayo chembe zilizopinda zimeziba mishipa ya mapafu, na oksijeni ikishuka chembe nyingi zaidi hupinda. Huo ni mzunguko wa kukatwa hospitalini, kwa eksirei, oksijeni, dawa za bakteria na wakati mwingine damu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi haingojei asubuhi wala panadoli ya pili. Lakini maumivu ya mbavu na mgongo yanapoanza, kuna jambo la kufanya hata kitandani. Mtoto anayeumia huvuta pumzi fupi, na sehemu za chini za mapafu hujifunga. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba waliolazwa kwa maumivu ya kifua au mgongo na wakavuta pumzi ndefu 10 kila baada ya saa mbili, mchana mpaka wakati wa kulala, kwa kutumia kifaa kidogo cha plastiki chenye mpira unaopanda, walipata matatizo ya mapafu kwa nadra kuliko wenzao. Pasipo na kifaa, wauguzi huwapa watoto puto wapulize, au Bongo Fleva ya kuimba kwa nguvu. Kinachotafutwa ni pumzi ndefu kabla ya kupuliza. Shangazi akikaa kitandani na kuhesabu hadi kumi, anatibu.

Daftari la kliniki la mtoto ni mali. Kila chupa ya damu aliyoongezewa iandikwe: tarehe, sababu, na kama alipata mwasho au homa baadaye. Damu huokoa maisha pale inapohitajika, ila mtoto aliyeongezewa mara nyingi hutengeneza kingamwili dhidi ya damu za wengine, na hilo linaweza kuponza upandikizaji wa uloto baadaye. Upandikizaji huo ndio tiba ya kuponya yenye historia ndefu zaidi, na katika Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwafanyia watoto wa selimundu mwaka 2023. Hutegemea ndugu wa tumbo moja anayelingana, na nafasi ni moja kwa nne kwa kila ndugu. Aidha, mtoto wa miaka miwili na kuendelea aulizwe kliniki kuhusu ultrasaundi ya mishipa ya ubongo. Damu ikikimbia humo kwa sentimita 200 au zaidi kwa sekunde, kiharusi kiko karibu, na kinaweza kuzuiwa.

Wadogo wake nao wapimwe. Kipimo cha haraka cha kuona kama damu inajikunja hakitoshi: hakitofautishi mgonjwa na mwenye vinasaba vya upande mmoja, na kwa kichanga kinaweza kudanganya, kwa sababu ileile ya himoglobini ya mimba. Kinachotakiwa ni kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Majibu yake pia humaliza kesi inayovunja ndoa nyingi. Bibi wa upande mmoja husema ugonjwa umetoka kwa mkwe, na baba huondoka akidai kwao hakuna kitu kama hicho. Mtoto mwenye selimundu ya kurithi vinasaba viwili amepokea kimoja kwa mama na kimoja kwa baba, na kila mimba ya wawili hao ina nafasi moja kwa nne ya kumzaa mwingine. Baba akija kliniki siku hiyo ya majibu, akae mezani pamoja na mama, asisubiri nje kwenye bodaboda. Muuguzi atawaeleza wote wawili mara moja, na dozi ya asubuhi itakuwa na watu wawili wa kuikumbuka.